KATUNI YA UDONGO INAYOSEMA KISWAHILI

Mwezi huu tunaongea juu ya katuni ya picha moja moja. Mtu wa udongo anapigwa picha, anasogezwa kidogo tu, anapigwa tena. Picha zikipita haraka, anatembea. Tukifanya vizuri, anaongea!

Jean-Michel Kibushi wa Kongo alishaifanya kazi hii. Katuni yake ya chura aliyeenda ukweni ilitoka mwaka 1991, na mwaka 2004 akatoa "Prince Loseno", yenye sanamu ndogo zinazosogezwa kwa mkono. Studio yake inaitwa Malembe Maa. Wanaojua Lingala watacheka: malembe ni polepole, na kazi hii ni ya polepole kweli.

Sauti kwanza
Rekodi maneno kabla ya kupiga picha hata moja. Halafu hesabu. Picha 12 zinatosha sekunde moja, kwa hiyo nusu dakika inataka picha 360. Neno "mama" likichukua nusu sekunde, lina picha 6: mdomo umefungwa 1, wazi 2, umefungwa 1, wazi 2.

Midomo saba
Kiswahili kinatusaidia, maana silabi zake karibu zote zinaisha na irabu. Kata kwa karatasi midomo ya A, E, I, O, U, mmoja uliofungwa kwa M, B na P, na mmoja wa F na V, meno juu ya mdomo wa chini. Bandika, piga, badilisha. Usiruke ule uliofungwa, watu wataona mara moja kwamba sauti na mdomo haviendi pamoja.

Fanyeni ndani, kwa taa, sababu jua likihama kivuli nacho kinahama. Simu ifungwe imara, isitikisike.

Kwa nini tujisumbue?
Wako wenzetu wenye hadithi ya njiani ambayo hawawezi kuisimulia wakionyesha uso. Mtu wa udongo anaweza kuibeba. Lakini sauti nayo inatambulika, basi mwingine asome maneno, na majina ya watu na vijiji yabadilishwe. Mwenye hadithi aombwe ruhusa, na aione kabla ya wengine. Akisema hapana, ni hapana.

Wanaoanza, chukueni hadithi ya sungura, sekunde 10 tu. Ni picha 120. Jioni mbili, familia nzima, mmeimaliza.