Daftari la Muze lisilouliza kabila

Nilikuwa Muze, katika bonde la Rukwa, kufuatilia bei ya mpunga. Mwenyekiti wa kitongoji kimoja alikuwa akinitafutia jina la mkulima kwenye daftari la wakazi, na katika kufunua kurasa nikaona safu moja imekatwa kwa kalamu nyekundu. Kichwa chake kilikuwa bado kinasomeka: KABILA. Habari za mpunga niliziweka kando, nikamwomba mzee anipe daftari nilisome tangu mwanzo.

Ni kaunta buku kubwa, limevimba kwa unyevu, mgongo wake umebandikwa selotepu mara nyingi hadi haufungi vizuri. Mistari imepigwa kwa rula na kalamu ya bluu: tarehe, jina, anakotoka, barua ya utambulisho, kabila, aliofuatana nao, mifugo, maelezo. Kurasa za kwanza ziliandikwa na mwenyekiti aliyemtangulia, na safu ya kabila imejaa kuanzia juu hadi chini: Mfipa, Mfipa, Msukuma, Mnyiha, Msukuma. Kisha mwandiko unabadilika. Majina yanaendelea, watoto wanahesabiwa, ng'ombe na plau vinaandikwa, lakini safu ile inabaki nyeupe. Kurasa kadhaa mbele ndipo unapoanza mkato mwekundu, na kando ya neno lililokatwa pameandikwa kwa herufi kubwa: MWENYEJI WAKE. Kuanzia hapo kila mgeni ana jina la mtu aliyempokea. Wengine wamepokelewa na shemeji, wengine na rafiki wa mnadani. Mmoja alipokelewa na mama mjane aliyempangisha chumba, na chini ya jina lake mama huyo ameweka dole gumba.

Hakuna aliyemwagiza. Hakuna waraka wa mkurugenzi wala semina. Mzee, ambaye ameomba nisimtaje jina kwa kuwa kuna shauri la ardhi linaloendelea kijijini, anasema aliamua mwenyewe baada ya msimu mmoja wa usuluhishi.

"Ng'ombe wakilala kwenye mpunga wa mtu, asubuhi simu inapigwa kwangu," anasema. "Nikifungua daftari nikakuta Msukuma, nimepata nini? Wako wangapi hapa? Nikikuta amepokelewa na fulani, naenda kwa fulani. Tunamwita, tunakwenda shambani, tunapima hasara, inalipwa. Kabila halina miguu, mwandishi. Huwezi kulituma likamwite mtu."

Nilimuuliza kama hakuwaza pia habari za utaifa. Akanitazama kama aliyeulizwa kama anapumua. Alisema alikulia shule ya msingi ambako ukimtania mwenzako kwa kabila lake ulichapwa, na kwamba Mwalimu Nyerere hakuwaambia wapendane kwa sababu wanafanana. "Walitufundisha kuishi na mtu usiyemjua. Sasa mtu nisiyemjua amekuja, ana ng'ombe mia. Hapo ndipo mtihani ulipo."

Ng'ombe hao wana historia. Wafugaji wa Kisukuma walianza kushukia bonde hili miongo mingi iliyopita, wakitafuta malisho, na mwaka 2006 serikali ilipowaondoa wafugaji Ihefu na Usangu, wengine walielekea huku. Bonde lina joto, udongo wa mbuga na maji, tofauti na baridi ya uwanda wa Ufipa ulioko juu ya ukuta wa Lyamba lya Mfipa. Ukiteremka kutoka Ntendo unalivua koti njiani. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 17, inampa kila raia haki ya kwenda na kuishi popote nchini. Sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya 1967. Hayo tunayajua sote. Tunajua pia Rudewa-Mbuyuni kule Kilosa, Desemba 2000, ambako ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu zaidi ya 30 katika nchi hii hii yenye Katiba hiyo hiyo.

Kwa hiyo sikuweza kulichukulia daftari lile kama jambo dogo. Haki ile ya Katiba, kabla ya kumfikia mtu aliyeshuka na watoto wake juu ya mkokoteni, hupitia mkononi mwa mzee huyu asiyelipwa mshahara. Bila jina lako kuwa mle hupati barua, na bila barua hupati kitambulisho, mkopo, wala mtu wa kukudhamini polisi.

Na polisi wenyewe, shauri likifika kituoni, karatasi ya maelezo inauliza kabila. Mzee anajua. Anasema huko si kwake.

Kuna jambo moja lilinisumbua, nikamwambia. Safu ya mifugo bado ipo. Mtu mwenye ng'ombe themanini na punda wanne, jina lake likianza na Ma- au Ngw'a-, nani hajui katokea wapi? Mzee alifunga daftari kwanza ndipo akajibu. "Kweli. Ukisoma ng'ombe umeshasoma kabila. Lakini ng'ombe wanaweza kuuzwa."

Sina hakika jibu hilo linatosha. Nadhani naye hana.

Shauri la ardhi linaloendelea kijijini ni hili. Kijana aliyezaliwa Muze, akasoma Muze, ambaye babu yake ndiye aliyekuja na mifugo, ameomba shamba. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi hiyo iko chini ya halmashauri ya kijiji, na halmashauri imegawanyika: wapo wanaosema ardhi imekwisha, wapewe kwanza wenyeji. Mkoa huu wa Rukwa ulipokuwa bado haujagawanywa ili kuzaa Katavi, ndani yake, huko Katumba na Mishamo, wakimbizi wa Burundi wa 1972 walikuwa wakingoja jibu la namna hiyo kwa kipimo cha taifa. Serikali ilikubali, na zaidi ya 162,000, wakiwamo na wa Ulyankulu kule Tabora, wakapewa uraia. Vyeti vikaanza kutolewa 2014. Kijana wa Muze hahitaji cheti cha uraia. Hajawahi kuwa raia wa kwingine.

Mzee anasema alisimama kwenye kikao akauliza swali moja: mtu anaanza kuwa mwenyeji mwaka wa ngapi? Mjumbe mmoja akasema akizikwa hapa. Mwingine akamkumbusha kwamba babu yake kijana amezikwa hapa. Mtendaji akaandika kwamba ajenda inapelekwa mkutano mkuu wa kijiji, baada ya mavuno.