Mshahara wa Rubani Hupimwa kwa Nini?

Wengi wetu tukiona ndege inapita juu hutamani kazi ya rubani, lakini ni wachache wanaojua jinsi mshahara wake unavyohesabiwa. Nataka kulieleza jambo hili kwa mfano wa Marekani, ambako marubani wamelibishania tangu zamani.

Hapo kwanza rubani wa huko alilipwa kwa maili alizoruka. Ndege zilipozidi mbio, maili zikawa nyingi, na wenye kampuni wakataka kulipa kwa saa tu, ili faida ya mbio hizo ibaki kwao. Mwaka 1931 marubani wakaunda chama chao, ALPA, wakiongozwa na rubani mwenzao David Behncke. Mwaka 1934 baraza la kazi la serikali likakata shauri: rubani apewe mshahara wa msingi, malipo ya saa yanayopanda kwa kadiri ya mbio za ndege, na kitu kidogo kwa maili; tena asiruke zaidi ya saa 85 kwa mwezi. Baadaye uzito wa ndege nao ukatiwa katika hesabu. Oktoba 1946 marubani wa TWA waligoma kwa ajili ya malipo ya ndege kubwa za injini nne.

Hoja yao ni kwamba ndege kubwa huchukua abiria wengi na kuleta nauli nyingi, basi rubani naye apate fungu lake. Wengine hujibu kwamba rubani wa ndege ndogo hupaa na kutua mara nyingi kwa siku moja, na abiria wake nao ni roho za watu. Kampuni ya UPS, ichukuayo mizigo, hulipa kiwango kimoja kwa aina zote za ndege zake.

Je, nani hupewa ndege kubwa? Kila kampuni ina orodha ya marubani kwa tarehe ya kuajiriwa. Aliyetangulia huchagua kwanza ndege, njia, likizo na kiti cha kapteni. Kazi ikipungua, aliyeingia mwisho hutolewa kwanza. Utaratibu huu una maana. Kama mkubwa angeweza kumpandisha amtakaye, rubani angeogopa kukataa kuruka katika dhoruba. Orodha humkinga yeye, na abiria walio nyuma yake pia.

Lakini nafasi hiyo haihamishiki. Kampuni ya Eastern ilipofungwa Januari 1991, kapteni aliyepata kazi kwingine kwa kawaida alianza mkiani.

Matata makubwa huja kampuni mbili zinapoungana, kama US Airways na America West mwaka 2005. Marubani wa US Airways walikuwa wa siku nyingi, ila wengi wao walikuwa wamesimamishwa kazi. Walitaka tarehe ya kuajiriwa ifuatwe. Wale wa America West walitaka kila mtu abaki na daraja aliyokuwa nayo kwao. Mwaka 2007 mwamuzi George Nicolau aliwaweka juu marubani karibu 500 wa US Airways, walioendesha ndege kubwa za safari za mbali. Waliosimamishwa akawaweka chini, na waliosalia akawachanganya. Hivyo mtu aliyeajiriwa miaka 17 nyuma alijikuta chini ya mtu asiyetimiza mwaka. Mwaka 2008 upande wa US Airways, uliokuwa na watu wengi, uliacha ALPA na kuunda chama kingine. Shauri likafika mahakamani. Orodha moja ilipatikana mwaka 2016, baada ya kampuni hiyo kuungana na American Airlines mwaka 2013.

Kwa maoni yangu, tarehe ni kipimo cha haki ndani ya nyumba moja, kwa sababu kila aingiaye huijua sharti hiyo mlangoni. Nyumba mbili zikiungana, tarehe peke yake haitoshi, kwani haionyeshi kazi ambayo kila mtu alikuja nayo. Hata hivyo miaka 17 ya mtu si kitu cha kufutwa kwa kalamu. Wahenga walisema kutangulia si kufika. Basi mwenzangu utakaye urubani, kabla ya kuuliza mshahara, uliza orodha.