Kumbe upele wa Simba ulikuwa mapupu

Kwa karibu mwaka mzima mbwa wetu Simba alitunyima usingizi, si kwa kubweka bali kwa kujikuna. Usiku ukitulia ulisikia kucha zikikwangua shingo, kisha kichwa kinatikiswa na masikio yanapiga pap-pap kama kanga iliyoanikwa kwenye upepo. Asubuhi ulimkuta analamba nyayo. Manyoya meupe ya miguuni yalikuwa yamegeuka rangi ya kutu kwa mate.

Kila jirani alikuwa na dawa yake. Mmoja alituambia tumpake oili chafu ya gari. Afadhali hatukumsikiliza, maana mbwa hujilamba, na oili ile ni sumu. Tulimwogesha kwa dawa ya kupe, akachomwa sindano ya kutuliza muwasho, akapata nafuu ya wiki mbili, kisha tukarudi palepale.

Daktari wa mifugo wa tatu alianza, kama wenzake, kwa kutafuta viroboto na utitiri wa upele, kwa sababu hao ndio washukiwa wa kwanza. Hakuwaona. Akanusa masikio, akatazama nyayo, tumbo na chini ya mkia, akauliza kama muwasho una msimu. Hauna, nikamwambia, ni mwaka mzima. Ndipo akauliza ambalo hatukuwahi kuulizwa: "Kaka, huyu anakula nini?"

Nilijibu kwa kujiamini. Ugali wa dona na mapupu ya ng'ombe, tangu akiwa mdogo, kwa hiyo chakula hakiwezi kuwa tatizo. Daktari akacheka. Mzio, alinieleza, ni kosa la kinga ya mwili: inakiona chakula cha kawaida kuwa adui. Na mwili hauwezi kumchukia adui ambaye haujawahi kukutana naye. Kwa hiyo cha kwanza kushukiwa ni kile mnyama alichokizoea.

Niliposoma zaidi nikaona hakuwa ananitania. Mwaka 2016 watafiti Ralf Mueller, Thierry Olivry na Pascal Prélaud walikusanya taarifa za mbwa 297 wenye mzio wa chakula. Nyama ya ng'ombe iliongoza kwa asilimia 34, ikifuatwa na maziwa 17, kuku 15 na ngano 13. Mahindi, ambayo watu hupenda kuyalaumu, yalikuwa mbali huko chini. Kwa paka, samaki alikuwa karibu sawa na ng'ombe. Wenye paka wa pwani wanisikie.

Nilitaka kipimo cha damu, yaishe. Daktari akakataa kunitoza hela ya bure: vipimo vya damu, mate na manyoya havitegemeki kwa mzio wa chakula. Kipimo ni bakuli. Unachagua nyama moja ambayo mnyama hajawahi kuila na wanga wa aina moja, basi, kwa wiki nane. Wengi huonyesha nafuu ndani ya wiki tano, lakini ukiishia hapo unawaacha wanaochelewa. Sisi tulichagua sungura na viazi vitamu, bila chumvi wala kitunguu.

Hapo ndipo nilipojua kwamba mgonjwa mgumu hakuwa Simba. Ilikuwa nyumba yangu. Mwanangu alimdondoshea andazi chini ya meza na kujitetea, "Baba, alikuwa ananiangalia sana." Mlinzi alizoea kumkatia chapati. Kidonge cha minyoo nacho kilikuwa kimetiwa ladha ya nyama ya ng'ombe, jambo ambalo nisingelijua kama daktari asingenionya nisome kifungashio. Wiki ya tatu jirani akawa na shughuli. Simba alipita chini ya uzio na kurudi na mfupa wa pilau. Tukaanza kuhesabu upya.

Mara ya pili tulifika. Kufikia wiki ya sita nyumba ilikuwa kimya usiku. Wengi huachia hapo, na ndilo kosa, kwa sababu nafuu inaweza kuletwa na mambo mengine. Kwa hiyo wiki nane zilipotimia tukarudisha mapupu bakulini ili kuhakikisha. Siku ya nne masikio yakawa mekundu na pap-pap ikaanza. Tukayaondoa, akatulia. Baada ya hapo tulijaribu chakula kimoja kimoja, kila kimoja kwa wiki mbili. Dagaa walipita. Kuku alipita.

Nisieleweke vibaya: sungura na viazi ni chakula cha kipimo, si cha maisha. Kina upungufu wa kalsiamu, na mbwa anayekua hafai kulishwa hivyo bila daktari kumpangia. Paka ndiyo usithubutu kumfungia kwenye ugali, kwa sababu anahitaji taurini, na hiyo hutoka kwenye nyama na samaki. Vipo pia vyakula vya viwandani ambavyo protini yake imevunjwavunjwa hadi kinga isiitambue, ila bei yake itakufanya uwaonee huruma watoto.

Leo Simba anakula ugali wa dona, dagaa na mboga za majani. Mapupu hayaingii getini. Ukija kututembelea, mpapase kichwa upendavyo, lakini sambusa yako ya nyama ile mwenyewe uimalize.