Raha ya familia isisubiri mgeni

Na Mwandishi Wetu, Singida

Katika nyumba nyingi za Singida, mjini na vijijini, kuna kabati la vyombo lenye vioo. Ndani yake vimepangwa vikombe vya kauri, sahani zenye maua na bilauri zilizofunikwa kitambaa cha kufuma. Watoto wa nyumba hiyo wanaujua mpangilio wake, lakini wengi hawajawahi kunywea chai humo. Vyombo hivyo ni vya wageni.

Uani, kuku nao wana hadhi hiyohiyo. Jogoo aliyenona anasubiri shemeji kutoka Dodoma au mjomba kutoka Arusha. Wasipotokea, anapelekwa mnadani au anauzwa kwa mfanyabiashara anayekusanya kuku wa kienyeji kwenda Dar es Salaam, ambako jina la Singida na kuku yamekuwa kama ndugu wawili. Mwenye kuku anarudi kula ugali na mlenda.

Wahenga waliliona hilo zamani waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo huwa tunaitumia kusifu ukarimu, na ukarimu ni jambo jema. Lakini ukiisikiliza vizuri, inasema pia kwamba mwenyeji bila mgeni hajitendei mema. Na hapo ndipo linapokuja suala la afya ya familia.

Tumezoea kuamini kwamba raha ni jambo la kusafiria au la kugharamia: kwenda kuona wanyama Serengeti, kupumzika Zanzibar, kuandaa sherehe yenye ukumbi na muziki mkubwa. Kwa kuwa hayo huja kwa nadra, au hayaji kabisa, siku 365 za mwaka zinapita familia ikiwa kazini, njiani au mbele ya televisheni. Wakati huohuo, vitu vinavyoweza kuipa nafuu viko hatua chache kutoka mlangoni.

Kazi na dawa

Watanzania wana msemo wa mitaani, "kazi na dawa", unaotumika mtu anapojiburudisha baada ya kazi. Wengi huusema kwa utani, mara nyingi chupa ya bia ikiwa mezani, lakini kwa mtazamo wa afya msemo huo una ukweli. Katiba ya Shirika la Afya Duniani (WHO), iliyoanza kutumika mwaka 1948, inaieleza afya kuwa ni ustawi wa mwili, akili na maisha ya kijamii, na si kukosa ugonjwa tu.

Kwa Tanzania, jambo hili si la nadharia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliowahusu watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kuwa karibu asilimia 26 walikuwa na shinikizo la juu la damu na takribani asilimia 9 walikuwa na kisukari. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya kupambana na magonjwa yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kuwa siku ya mazoezi.

Ushauri wa WHO wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mtoto wa umri wa kwenda shule anatakiwa kupata wastani wa dakika 60 kwa siku. Kwa mtu mzima hiyo ni nusu saa kwa siku tano, kutembea kwa haraka kiasi. Hakuna mahali ushauri huo unapotaja kiingilio cha ukumbi wa mazoezi wala viatu vya bei kubwa.

Ziwa liko nyuma ya nyumba

Mji wa Singida una bahati ambayo miji mingi ya nchi hii haina. Kaskazini mwake liko Ziwa Singidani, kusini liko Ziwa Kindai, yote mawili ya maji ya chumvi. Katikati na kandokando ya mitaa imesimama miamba mikubwa ya mawe, mingine imepandana kama mtu aliyeamua kuipanga kwa mkono. Kuna nyakati heroe, wale ndege warefu wa rangi ya waridi wanaoitwa pia flamingo, hutua ziwani kwa wingi. Mgeni akipita kwenye basi hugeuza shingo kuwatazama. Mkazi aliyezaliwa hapo anaweza kumaliza mwezi bila kusimama hata dakika moja.

Kusimama huko kuna faida. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha matokeo ya uchunguzi kuhusu wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Nusu yao walilala vyumba ambavyo dirisha lilitazama miti, nusu nyingine dirisha lilitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema zaidi na walihitaji dawa chache zaidi zenye nguvu za kutuliza maumivu.

Uchunguzi mwingine, uliotolewa mwaka 2019 nchini Uingereza na kuhusisha karibu watu 20,000, ulionyesha kuwa waliotumia angalau saa mbili kwa wiki katika mazingira ya asili walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema wana afya njema na wameridhika na maisha. Uchunguzi wa aina hiyo hauthibitishi kwamba mazingira pekee ndiyo yaliyoleta afya hiyo, lakini unaendana na kile ambacho mtu yeyote aliyewahi kukaa juu ya jiwe jioni, upepo wa Singida ukimpiga usoni, anakijua bila kuambiwa.

Saa mbili kwa wiki ni Jumapili moja baada ya ibada au jioni nne za nusu saa. Kwa wakazi wa Iramba na Mkalama kuna Ziwa Kitangiri. Kwa walioko Ikungi au Manyoni kuna mashamba ya alizeti, ambayo maua yake yakifunguka baada ya mvua hugeuza eneo zima kuwa la njano. Watu husafiri mbali kupiga picha sehemu kama hizo.

Tahadhari ni chache lakini za lazima. Watoto wasiachwe peke yao kando ya maji wala kwenye miamba yenye mipasuko, ambako nyoka hujificha. Jua la nyanda hizi ni kali, hivyo asubuhi na jioni ndio wakati mzuri. Wenye ualbino wavae kofia pana na nguo za mikono mirefu saa zote za jua.

Yai la mtoto

Turudi kwa kuku. Hakuna anayeweza kuilaumu familia kwa kuuza kuku wake, kwani hela hiyo ndiyo ada, sare na dawa. Swali ni kama kila yai na kila kuku lazima aishie sokoni au kwenye sahani ya mgeni.

Takwimu za utafiti wa taifa wa mwaka 2022 zinaonyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Udumavu una sababu nyingi, zikiwamo maradhi ya mara kwa mara na maji yasiyo salama, lakini mlo usio na mchanganyiko wa kutosha ni mojawapo. Yai lina protini na virutubisho ambavyo uji mtupu wa mahindi hauna. Kaya yenye kuku kumi uani ambayo mtoto wake hali yai hata mara moja kwa wiki ina dawa ndani ambayo haijafunguliwa.

Wataalamu wa lishe huongeza jambo ambalo mara nyingi tunalipuuza: namna ya kula. WHO inashauri mtoto mdogo alishwe kwa subira, akihimizwa bila kulazimishwa, huku mlishaji akimtazama na kuzungumza naye. Kwa maneno mengine, mlo mzuri ni chakula pamoja na mazungumzo. Familia inayokaa kwenye mkeka mmoja, ugali wa uwele au mtama katikati, mlenda pembeni na siku moja moja kipande cha kuku bila sababu yoyote ya kusherehekea, inamlisha mtoto mara mbili.

Na vile vikombe vya kabatini? Vitoeni. Kikivunjika kimoja mikononi mwa mtoto wa nyumba, kitakuwa kimefanya kazi yake.

Jioni ya uani

Wazazi wengi wa leo walilelewa na jioni za kombolela, rede, mdako na kuruka kamba, kisha hadithi za bibi mwezi ukiwa juu. Michezo hiyo haikuitwa mazoezi wala malezi, lakini ilikuwa vyote viwili. Leo simu imechukua nafasi kubwa ya jioni hiyo, kwa mtoto na kwa mzazi. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku.

Watu wazima nao wanahitaji uani. Ripoti ya WHO ya Juni 2025 inakadiria kuwa mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo takribani 871,000 kwa mwaka. Mtu anaweza kuwa mpweke katika nyumba yenye watu saba, kila mmoja akiwa ameinamia simu yake. Drafti chini ya mti na jirani, kupukuchua alizeti kwa pamoja wakati wa mavuno huku stori zikiendelea, kumpeleka bibi kizimbani kwa kuku wake akawahesabu: hayo ni mambo madogo yanayomwambia mtu kwamba yupo na anahesabiwa.

Raha hiyo ni ya nani?

Hapa kuna jambo ambalo kurasa za familia hulipita haraka. Jumapili nyumba inapofurahi, mara nyingi kuna mtu mmoja asiyefurahi kwa sababu yuko jikoni. Mama amemkimbiza kuku tangu asubuhi, amemchinjisha, amemnyonyoa, amepika, amepakua, na wengine wakinyoosha miguu yeye anaosha vyombo. Akienda karibu na ziwa, mara nyingi ana mzigo kichwani. Ukimwambia atenge saa mbili za kutazama heroe, ana haki ya kukuuliza kuni zitaletwa na nani.

Kwa hiyo familia inayotaka raha ya karibu ianze kwa kugawana kazi. Baba achote maji au aoshe vyombo Jumapili hiyo. Kijana wa kiume amenye vitunguu, zao ambalo Singida inalilima kwa wingi na halijawahi kumbagua mmenyaji. Binti asitolewe kwenye mchezo kila anapotakiwa mtu wa kutumwa. Kama mama hakukaa, familia haijapumzika. Imehudumiwa tu.

Vilevile baba ambaye "dawa" yake ni baa kila jioni ajiulize ni nani analipia raha hiyo, kwa hela na kwa upweke. Pombe iliyozidi huongeza shinikizo la damu na huvuruga usingizi, na saa tatu za baa ni saa ambazo mtoto hazipati tena.

Hela haitoshi peke yake

Wapo watakaosema haya ni maneno ya kuwafariji wasio na uwezo. Sivyo. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani waliwahoji washindi 22 wa bahati nasibu ya jimbo la Illinois. Waligundua kuwa washindi hao hawakuwa na furaha kubwa kuliko watu wa kawaida, na walipata raha ndogo zaidi katika mambo ya kila siku kama kunywa chai ya asubuhi au kuzungumza na rafiki. Hela inatatua shida nyingi, na mwenye njaa hahitaji kuambiwa atazame machweo. Lakini uwezo wa kufurahia kilicho mbele yako ni kitu kingine, na haununuliwi pamoja na kiwanja.

Ni muhimu pia kusema kikomo cha raha hizi. Huzuni inayodumu wiki mbili au zaidi, kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula au kuwaza kujidhuru si mambo ya kuponya kwa matembezi. Hayo yapelekwe kituo cha afya kilicho karibu. Mtoa huduma anaweza kuanza matibabu au kutoa rufaa, na Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe iko jirani, Dodoma.

Kwa wengine wetu, mwanzo ni mdogo. Chagueni siku moja wiki hii. Kazi za nyumba zigawanywe kabla ya saa tisa alasiri. Simu zibaki kwenye droo. Vikombe vya kabatini vitoke, chai ichemshwe na mtu ambaye si mama, na wote mwende mpaka pale ambapo ziwa, mwamba au shamba linaonekana. Mkirudi, ulizaneni kila mmoja ameona nini.

Mgeni akija, mkaribisheni kama kawaida. Ila asiwakute mkiwa mnamsubiri yeye ili muishi.