Windows ya Zamani Ibaki, Ila Isiguse Intaneti

Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na ubishi ukaanza upya: je, mifumo ya zamani haikuwa bora zaidi? Wapo wanaoitamani Windows XP ya mwaka 2001, wapo wasiotaka kuiacha Windows 7 ya 2009. Kwa mwenye steshenari wa Musoma au Bunda, matamanio hayo yana msingi. XP iliweza kuendeshwa kwa RAM ya MB 64. Windows 11 inadai GB 4, yaani mara 64 zaidi, pamoja na chipu maalumu ya usalama. Kompyuta nyingi za mtumba zinakataliwa hapohapo, ingawa bado zinachapa barua na kutoa kopi vizuri. Kisha kuna masasisho yanayokula bando bila kuulizwa. XP ulikuwa ukiipiga kwa CD, ukaanza kazi.

Kwa hiyo kinachotamaniwa hasa ni mamlaka juu ya mashine, na swali hilo si geni nchini. Mwaka 1974 serikali ya Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta baada ya mfumo wa hesabu za Hazina kuvurugika huku ukitegemea wataalamu wa nje. Naamini katazo lile lilitunyima miaka ya kujifunza. Lakini lile swali la nani anaishika kweli mashine tuliyoilipia lilikuwa halali, na leo ni halali zaidi.

Hata hivyo, kumbukumbu inachagua. Enzi ya XP ndiyo ile ya flashi iliyojaa virusi, mafaili yakifichwa mteja akiwa amesimama anasubiri. Conficker, iliyoanza mwaka 2008, ilisambaa kwa flashi na kwa mtandao vilevile. Viraka vya usalama vya XP vilikoma tarehe 8 Aprili 2014, vya Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilivuruga hospitali za Uingereza, na kompyuta nyingi zilizoathirika duniani zilikuwa za Windows 7 ambazo kiraka chake kilikuwa kimetolewa miezi miwili kabla, hakikuwekwa. Leo hakuna hata kiraka cha kupuuza. Atakayesema kwamba huku kwetu hakuna cha kuibiwa aangalie kilichobaki kwenye mashine ya steshenari jioni: namba za NIDA, vyeti vilivyoskaniwa, fomu za mikopo ya vyuo, hati za mishahara. Vyote ni mali ya wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inavitambua.

Njia ninayoiona ni kugawa kazi. Mashine ya XP au Windows 7 ibaki kuchapa na kuhudumia printa ya zamani, bila intaneti kabisa. Kompyuta nyingine, hata yenye RAM ya GB 2, iwekewe Linux nyepesi kama Mint ya Xfce, isiyolipiwa na inayoendelea kupata viraka. Flashi za wateja zianzie huko. Wanaopinga husema Linux ni ngumu na huharibu mpangilio wa nyaraka za Word. Hoja ya pili ina ukweli, maana majedwali na fonti huhama wakati mwingine, hivyo hati ya mwisho itumwe kwa PDF. Hiyo ya ugumu siikubali: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi zenye menyu za Kiswahili, kwa hiyo lugha si kizuizi. Tena Linux hujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote. Fundi, ijaribu wiki hii. Nawe mteja, kabla ya kuingiza nywila yako kwenye kompyuta ya dukani, uliza inaendeshwa na nini.