Molekuli Ndogo Nyuma ya Magamba ya Ngozi

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera, na upele ulikuwa miongoni mwa dalili zake. Si ajabu basi, huko Bukoba na Muleba, mtu mwenye mabaka yasiyopona akatazamwa kwa shaka. Hata hivyo, magonjwa kadhaa sugu ya ngozi hayaambukizi kamwe. Chanzo chake kimo ndani ya seli zenyewe.

Mfano ni soriasisi, yenye mabaka mazito na magamba meupe viwikoni, magotini na kichwani. Katika ngozi nyeusi mabaka hayo huonekana ya zambarau au kahawia iliyokoza, si mekundu. Seli za ngozi, ambazo kwa kawaida huchukua takriban mwezi mmoja kukomaa na kupukutika, hapa huchukua siku chache tu.

Jeni hubeba maagizo ya kutengeneza protini, nayo maagizo hayo husafirishwa na RNA mjumbe. MikroRNA, molekuli yenye herufi zipatazo 22, hujishikiza kwa mjumbe huyo na kuzuia protini isitengenezwe. Victor Ambros na Gary Ruvkun, walioieleza mwaka 1993 kutokana na mnyoo mdogo, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2024.

Mwaka 2007 watafiti walionyesha kuwa mikroRNA iitwayo miR-203 huzidi katika mabaka ya soriasisi. Molekuli hiyo hupunguza SOCS-3, protini inayotuliza ishara za kinga ya mwili. Kitulizo kikipungua, kinga huendelea kuchochewa pasipo adui. Katika pumu ya ngozi, miR-155 huongezeka na kudhoofisha kizuizi kingine cha kinga.

Maarifa haya bado hayajawa dawa ya kawaida kliniki, lakini tayari yanamjibu mgonjwa: hakurogwa, wala hamwambukizi anayemshika mkono. Mhudumu wa afya ashauri kipimo cha VVU, kwani maambukizi hayo huweza kuzidisha soriasisi, bila kuyachukulia mabaka kuwa ushahidi. Aepuke pia kutoa vidonge au sindano za steroidi, maana zikikatizwa ugonjwa huweza kurudi kwa ukali. Mgonjwa naye apake mafuta mazito kila siku, asisugue magamba, na asiache tiba pasipo ushauri.