Mabaraza ya Vijiji na Ulinzi wa Migomba katika Bukoba na Muleba

Katika wilaya za Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, chakula kikuu cha wananchi ni ndizi. Mgomba hauoteshwi mbali na makazi, kama yalivyo mahindi au mtama katika sehemu nyingine nyingi za Tanzania. Nyumba hujengwa ndani ya shamba lenyewe, nalo huitwa kibanja. Humo mna migomba, mibuni, maharage, magimbi na miti ya aina mbalimbali, na rutuba yake imetunzwa kwa vizazi vingi kwa samadi na kwa nyasi zinazokatwa katika nyanda ziitwazo rweya. Kibanja hutunzwa na kaya, nacho hurithishwa katika ukoo. Kwa sababu hiyo, suala la chakula lilizoeleka kuonekana kuwa jambo la kila nyumba na kibanja chake.

Ugonjwa mmoja wa migomba umeonyesha kwamba mazoea hayo hayatoshi. Ugonjwa huo ni mnyauko bakteria, ambao huitwa pia unyanjano.

Adui asiyejua mipaka

Mnyauko huletwa na bakteria aitwaye Xanthomonas vasicola. Wataalamu walimweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1968 nchini Ethiopia, katika mmea wa enseti unaofanana sana na mgomba. Kwa miaka mingi ugonjwa haukujulikana nje ya nchi hiyo. Mwaka 2001 ulitambuliwa nchini Uganda, na karibu wakati huohuo mashariki mwa Kongo. Mwaka 2006 ulithibitishwa wilayani Muleba, na baada ya hapo ukaenea katika wilaya nyingine za Kagera.

Dalili zake ni dhahiri kwa anayezifahamu. Majani hugeuka rangi ya manjano na kunyauka kana kwamba yameunguzwa. Ua dume husinyaa na kukauka. Ndizi huiva kabla ya wakati wake, tena bila mpangilio, na ndani huwa na madoa ya rangi ya kahawia, hata haziwezi kuliwa. Shina likikatwa, baada ya muda mfupi hutoka utomvu mzito wa rangi ya manjano iliyopauka. Hakuna dawa inayoweza kuuponya mgomba uliokwisha kuambukizwa, wala miongoni mwa aina za ndizi zinazolimwa na wananchi hakuna iliyo na kinga kamili.

Bakteria huyu husafiri kwa njia kuu tatu. Njia ya kwanza ni wadudu, hasa nyuki, ambao hufuata utamu wa ua dume na kupitisha vimelea katika vidonda vibichi vinavyobaki maua yanapodondoka. Njia ya pili ni panga, kisu au jembe lililotumika katika mgomba mgonjwa na kisha kutumika katika mgomba mzima. Njia ya tatu ni miche, kwa maana chipukizi linaweza kuonekana lenye afya hali limebeba ugonjwa.

Ukizitazama njia hizo tatu, utaona kwamba zote huvuka mpaka wa kibanja. Nyuki hatambui shamba la mtu. Panga huazimwa na jirani, au huchukuliwa na kibarua anayepalilia mashamba kadhaa kwa juma moja. Miche nayo, kwa desturi njema ya ujirani, hutolewa bure kwa ndugu na rafiki.

Kwa nini mkulima mmoja hawezi

Kinga inayopendekezwa si ya gharama kubwa. Mkulima huondoa ua dume kwa kijiti chenye panda, mara tu chana la mwisho la mkungu linapokwisha kutokeza, ili nyuki wasiwe na sababu ya kufika. Hupitisha panga katika moto, au huliosha kwa jiki, kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Hupanda miche inayotoka mahali palipokaguliwa tu.

Palipoingia ugonjwa, zamani ilishauriwa kung'oa shina lote, yaani mama, mtoto na mjukuu. Kazi hiyo ni nzito mno, na wengi waliikwepa. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba bakteria hawafiki katika kila chipukizi la shina kwa wakati mmoja. Kwa hiyo, mgomba wenye dalili ukikatwa mapema usawa wa ardhi, na shamba lote likaendelea kukaguliwa kila mara, ugonjwa hupungua pole pole na kaya hubaki na migomba inayozaa.

Hata hivyo njia hiyo ina sharti moja: lazima ifuatwe na watu wote wa eneo. Mkulima hodari aliyezungukwa na majirani wazembe ataendelea kuletewa vimelea kila msimu wa maua. Tena kuna kishawishi cha kuficha ugonjwa. Mwenye kibanja anapoona dalili anajua kwamba kutoa taarifa ni kukata chakula cha watoto wake, ilhali faida ya kukata inawaendea zaidi majirani. Kwa upande wa jirani, mithali ya wahenga inamtosha: mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Kazi ya baraza

Hapa ndipo baraza la wananchi linapohitajika. Katika nchi nyingine vyombo vya namna hii vimeundwa mahususi kwa ajili ya chakula. Baraza la kwanza la sera ya chakula nchini Marekani lilianzishwa Knoxville, katika jimbo la Tennessee, mwaka 1982. Tanzania haikuhitaji kuanza na chombo kipya. Mwaka huohuo ilitungwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Namba 7 ya 1982. Chini ya sheria hiyo kila kijiji kina Mkutano Mkuu wa watu wazima wote na Halmashauri ya Kijiji inayochaguliwa nao. Halmashauri inaweza kupendekeza sheria ndogo, zikajadiliwa na wanakijiji, kisha zikapelekwa kwa Halmashauri ya Wilaya ili zikubaliwe.

Katika vita dhidi ya mnyauko, sheria ndogo na kamati za vijiji mkoani Kagera zimekuwa silaha muhimu kuliko dawa yoyote. Kamati inaweza kupanga siku moja ya kijiji kizima kukata maua dume na kukagua mashamba. Inaweza kuzuia miche kutolewa katika eneo lenye ugonjwa. Inaweza pia kumwita bwana shamba mapema, na kupitia kwake kupata ushauri wa kituo cha utafiti cha Maruku, wilayani Bukoba.

Lakini adhabu peke yake haitoshi. Baraza linalostahili kuitwa la chakula huuliza pia: kaya iliyokata migomba yake itakula nini hadi migomba mipya izae? Kuipatia kaya hiyo mbegu za maharage, mapandikizi ya viazi vitamu au vipando vya mihogo, na baadaye miche safi, ni sehemu ya kinga yenyewe. Mtu mwenye hakika ya chakula hana sababu ya kuficha ugonjwa. Kadhalika ni muhimu wanawake wawemo barazani kwa sauti kamili, kwani aghalabu wao ndio wanaoingia kibanjani kila siku kutafuta chakula, nao huona dalili kabla ya wengine.

Mafunzo ya historia

Historia ya Bukoba inaonyesha tofauti kati ya kanuni ya kulazimishwa na kanuni iliyokubaliwa. Mwaka 1937 utawala wa Kiingereza ulitaka kuwashurutisha wakulima kufuata kanuni za kilimo cha kahawa. Kwa kuwa mibuni ilikuwa kati ya migomba, kanuni hizo ziliingia hadi mlangoni mwa nyumba. Wakulima walizipinga na ghasia zikatokea.

Kinyume chake, kati ya mwaka 1997 na 2002, mradi wa maendeleo ya jamii Kagera, uliosaidiwa na Ubelgiji, ulileta aina mpya za migomba zikiwemo FHIA-17 na FHIA-23 kutoka Honduras, zenye kustahimili baadhi ya maradhi kama Sigatoka nyeusi. Wakulima wenyewe walizionja, wakazichagua, kisha wakagawiana machipukizi. Hata hivyo aina hizo nazo haziwezi kuukinga mnyauko, na ugawanaji uleule uliozieneza kwa manufaa unaweza kueneza bakteria usiposimamiwa.

Ni dhahiri basi kwamba sayansi imekwisha kutoa maarifa ya kutosha kuudhibiti mnyauko. Kijiti chenye panda, moto wa kuchomea panga na jicho la ukaguzi vinapatikana katika kila kijiji cha Bukoba na Muleba. Kinachoamua kama vitafaa ni makubaliano ya wanakijiji kuvitumia kwa pamoja, na uamuzi wao wa kutomwacha na njaa yule aliyetangulia kukata.